Namna ya Kusajili na Kuendesha Biashara ya Kufuli na Ving'ora nchini Uganda

Fundi wa kufuli na ving'ora hukabidhiwa siri ambayo fundi wa kabati au wa mabomba hakabidhiwi, kwa maana anajua mlango wa mteja unavyofunguka wakati mteja mwenyewe hayupo. Kwa sababu hiyo nchi nyingi zimeiweka kazi hii chini ya leseni. Afrika Kusini, kwa mfano, sheria yake namba 56 ya mwaka 2001 inayosimamia ulinzi binafsi inahesabu kazi ya fundi wa kufuli kuwa huduma ya ulinzi, na katika jimbo la Texas, Marekani, kampuni ya kufuli na kampuni ya ving'ora zote hupewa leseni na idara ya usalama wa umma ya jimbo. Uganda haijafika huko. Hapa kwetu sehemu moja ya kazi hii iko chini ya mkono wa polisi, sehemu nyingine imegawanywa kwa mamlaka mbalimbali, na fundi wa funguo anayekaa kwenye meza yake kando ya barabara hana sheria mahususi inayomtaja kama taaluma.

Nina duka la kufuli na ving'ora hapa Arua, na mafundi vijana huja kuniuliza waanzie wapi. Wengi wao wamekwisha kuambiwa na mtu fulani kwamba karatasi moja tu ya manispaa inatosha, na wengine wametishwa kwamba hata kuchonga ufunguo wa kufuli ya sanduku kunahitaji kibali cha Inspekta Jenerali. Yote mawili si kweli, na kosa katika upande wowote lina gharama. Ninaeleza hapa ninavyowaeleza wao, nikikaa zaidi kwenye mambo yanayowaingiza mafundi matatani.

Jua kwanza kazi yako iko upande gani

Kabla ya kwenda ofisi yoyote, andika kwenye karatasi kazi unazokusudia kufanya, moja moja, kwa maneno ya kawaida. Kuuza kufuli na vitasa, kuchonga funguo, kubadilisha silinda ya kitasa na kumfungulia mteja mlango uliojifunga ni biashara na ufundi. Kufunga king'ora, kamera au uzio wa umeme kisha ukamkabidhi mteja na kuondoka nako ni ufundi, ingawa hapo vifaa na umeme vinakuingiza katika sheria nyingine nitakazozitaja. Lakini ukiahidi kwamba king'ora kikilia ishara itafika ofisini kwako, kwamba mtu wako atakuwa macho usiku kucha akiitazama, na kwamba utatuma watu kwenda kuangalia, umekwisha kuingia katika biashara ya kulinda.

Kazi ya kulinda watu na mali kwa malipo inasimamiwa na kanuni za mashirika ya ulinzi binafsi zilizotungwa chini ya Sheria ya Polisi ya mwaka 1994, na mwenye mamlaka ya kutoa leseni ni Inspekta Jenerali wa Polisi. Kampuni haiwi nje ya kanuni hizo kwa sababu tu askari wake hawashiki bunduki, wala kwa sababu imejiita kampuni ya teknolojia. Nimeona mikataba iliyoandikwa kwa ustadi mkubwa ambamo neno "ulinzi" halionekani hata mara moja, ilhali kila kifungu kinaahidi ulinzi. Afisa wa polisi anayesoma mkataba wa namna hiyo hatatazama jina la huduma, atatazama ni nani aliyeahidi kufika mlangoni saa nane za usiku.

Kwa fundi anayeanza, ushauri wangu ni kubaki upande wa ufundi. Funga king'ora kinachompigia simu mwenye nyumba mwenyewe, jirani yake na ndugu yake. Mteja akitaka watu wa kuitikia, mkutanishe na kampuni ya ulinzi yenye leseni, afunge mkataba nayo moja kwa moja, na wewe ubaki na mkataba wako wa kufunga na kutunza vifaa. Usipokee fedha za ulinzi kwa niaba ya kampuni hiyo, maana siku ya wizi mteja atamdai yule aliyempa risiti.

Usajili wa biashara, kodi na leseni ya manispaa

Hatua hizi ni za kila biashara, kwa hiyo nitazipitia upesi. Jina la biashara au kampuni husajiliwa URSB, yaani ofisi ya serikali ya kusajili biashara, ambayo ina ofisi Kampala na matawi mikoani, yakiwemo ya Arua, Gulu, Mbale na Mbarara, na maombi hufanywa pia kwa intaneti. Mtu anayefanya kazi peke yake anaweza kuanza na jina la biashara. Hata hivyo, anayefikiria kufanya kazi na mabenki, mashirika ya misaada au ofisi za serikali, au anayetaka siku moja kuomba leseni ya ulinzi, afungue kampuni chini ya Sheria ya Kampuni ya mwaka 2012 tangu mwanzo, kwa kuwa kuhamisha mikataba na historia ya malipo kutoka jina la biashara kwenda kampuni ni kazi inayochosha. Katika maelezo ya malengo ya kampuni, andika wazi kuuza, kufunga na kutengeneza kufuli, vitasa, ving'ora na kamera. Usiandike "biashara kwa jumla" ukadhani inatosha.

Kisha jisajili URA, yaani mamlaka ya mapato, upate namba ya mlipa kodi, yaani TIN. Wateja wakubwa hawatakulipa bila TIN, na wale walioteuliwa na URA kuwa mawakala wa kukata kodi watazuia asilimia 6 ya malipo yako na kuipeleka URA kwa jina lako. Dai hati ya makato hayo kila mara na uitunze, kwa sababu ni fedha yako uliyokwisha kulipa. Biashara ikikua ukaingia katika VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kiwango chake ni asilimia 18, na ankara zako zitatoka kwenye mfumo wa kielektroniki wa EFRIS. Panga bei zako ukilijua hilo mapema. Fundi aliyekubali kufunga kamera kwa bei ya mkataba, kisha akagundua kwamba VAT imo ndani ya bei hiyo, amefanya kazi ya mwezi mzima bila faida.

Leseni ya biashara hutolewa na serikali ya mtaa mahali duka lilipo chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1969 pamoja na marekebisho yake. Kampala ni mamlaka ya jiji, KCCA, kwingine ni jiji, manispaa au wilaya. Ada hutegemea aina ya biashara na daraja la eneo, kwa hiyo uliza kabla hujalipia kodi ya chumba. Mpe taarifa pia mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, na uombe barua ya utambulisho. Barua hiyo huonekana ndogo, lakini mwenyekiti ndiye mtu wa kwanza atakayeulizwa na polisi kama anakufahamu, na ndiye utakayemhitaji awe shahidi kila utakapofungua mlango ambao mwenyewe hajulikani vizuri.

Ukiamua kuomba leseni ya ulinzi

Maombi huelekezwa kwa Inspekta Jenerali wa Polisi, na katika makao makuu ya polisi yaliyoko Naguru, Kampala, kuna idara inayoshughulikia mashirika ya ulinzi binafsi na silaha. Ninashauri uanze nyumbani, kwa mkuu wa polisi wa wilaya, yaani DPC, umweleze kwa maandishi unachotaka kufanya na katika eneo gani, kisha umwombe orodha ya viambatisho vinavyohitajika kwa wakati huo. Orodha iliyonakiliwa kutoka kwa rafiki aliyeomba miaka mitano iliyopita isikutoshe.

Andaa nyaraka za kampuni, taarifa kamili za wakurugenzi, uthibitisho wa uwezo wa kifedha, mpango wa mafunzo ya askari, maelezo ya sare na mpangilio wa mawasiliano. Wakurugenzi na mafundi wote wapate hati ya tabia njema inayotolewa na kurugenzi ya Interpol ya Polisi ya Uganda baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Sare isifanane na ya polisi, ya magereza wala ya jeshi, hata kwa rangi ya mbali. Kuhusu silaha, Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 ina masharti yake ya pekee, na kupata leseni ya ulinzi si sawa na kupata ruhusa ya kushika bunduki. Kampuni inayoanza isimwahidi mteja yeyote askari mwenye bunduki kabla ruhusa hiyo haijawa mkononi.

Usianze kazi ukisubiri majibu. Hili nalisema kwa mkazo, kwa kuwa kishawishi ni kikubwa: vifaa vimekwisha kununuliwa, vijana wamekwisha kufundishwa, mteja anapiga simu kila siku. Wizi ukitokea katika kipindi hicho, huna leseni ya kuonyesha, kampuni ya bima itakuwa na sababu ya kukataa, na vijana uliowatuma usiku watajikuta wakieleza walichokuwa wakifanya kwenye ua wa mtu.

Vifaa vyenyewe: mawimbi, umeme na ubora

Ving'ora vingi vya siku hizi hutumia laini ya simu au mawimbi ya redio. Chombo chochote cha mawasiliano kinachouzwa nchini kinapaswa kuwa cha aina iliyoidhinishwa na Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2013, na anayetaka masafa yake mwenyewe ya redio kwa ajili ya vitufe vya dharura au simu za upepo za askari lazima ayaombe hapo. Ukinunua ving'ora kwa mfanyabiashara wa Kampala, mwombe nakala ya idhini ya aina hiyo ya chombo. Anayeagiza mwenyewe kutoka nje ajue kwamba UNBS, shirika la taifa la viwango, ina utaratibu wa kukagua ubora wa bidhaa nyingi kabla hazijapakiwa kuja Uganda, na mzigo uliofika bila cheti hukwama forodhani huku gharama za ghala zikipanda kila siku. Laini ya simu inayowekwa ndani ya king'ora isajiliwe kwa jina la mteja. Mafundi wengi hutumia laini zilizosajiliwa kwa majina yao kwa sababu ni rahisi, na hapo hujibebesha kila kitakachofanywa kwa laini hiyo baada ya wao kuondoka.

Ukigusa waya wa umeme mkubwa, yaani ule wa volti 240, au ukifunga uzio wa umeme unaolishwa na waya huo, unahitaji kibali cha kufanya kazi za umeme kinachotolewa na ERA, mamlaka ya kusimamia umeme, au umtumie fundi aliye nacho. Mimi humlipa fundi mwenye kibali avute waya hadi kwenye soketi, kisha naendelea na kazi ya upande wangu kwenye volti 12. Andika kwenye hati ya makabidhiano nani alifanya kazi ipi. Na kabla ya kukabidhi, zima umeme wa nyumba mbele ya mteja, uache king'ora kitegemee betri yake, mkae mnywe chai, kisha mfungue mlango wenye kihisi. King'ora kisicholia umeme ukikatika ni pambo la ukutani, na wezi wa miji yetu wanajua ratiba ya kukatika kwa umeme kuliko sisi.

Kamera, kumbukumbu na siri za watu

Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019 inamhusu kila anayekusanya au kutunza taarifa za watu, na picha ya mtu iliyonaswa na kamera ni taarifa yake. Biashara inayofunga kamera na kutunza picha kwa niaba ya wateja, au inayotunza orodha ya majina, namba za vitambulisho na misimbo ya ving'ora, inapaswa kujisajili kwa ofisi ya ulinzi wa data binafsi, PDPO, iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, na kuhuisha usajili huo kila mwaka. Kuuza au kutoa taarifa za watu kinyume cha sheria kunaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 10, na shirika linaweza kutozwa faini inayofika asilimia 2 ya mapato yake ya mwaka.

Kiutendaji, jambo linalowashinda mafundi ni nywila. Fundi hufunga kamera, huweka nywila anayoijua yeye, humwonyesha mteja namna ya kutazama kwenye simu, kisha huondoka na nywila hiyo kichwani au, vibaya zaidi, kwenye daftari lenye orodha ya nyumba zote. Akiingia tena kwenye kamera hizo bila ruhusa, hata kwa nia ya kupima kama zinafanya kazi, anaweza kushtakiwa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, ambayo inakataza kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini. Kwa hiyo siku ya kukabidhi, mpe mteja simu au kompyuta, mgeuzie mgongo, aweke nywila mpya mwenyewe. Kisha aandike kwenye hati ya makabidhiano kwamba ameibadilisha, na atie sahihi. Mteja mzee asiyejua kuandika vizuri aletewe mtoto au mjukuu wake anayemwamini, na si fundi afanye kwa niaba yake.

Elekeza kamera kwenye lango na ua wa mteja. Ikiwa inaona dirisha la chumba cha jirani, igeuze, hata kama mteja anasisitiza kwamba jirani ndiye anayemshuku. Weka kibandiko langoni kinachosema kwamba mahali hapa pana kamera, kwa Kiingereza na kwa lugha inayosomwa na watu wa mtaa huo.

Daftari la fundi wa funguo

Nafika sasa kwenye sehemu ambayo sheria imeiacha wazi, na ambayo ninaijali kuliko zote. Kwa kuwa hakuna leseni maalumu ya fundi wa kufuli, hakuna afisa anayekuja kukuuliza ulimfungulia nani mlango gani. Inakubidi ujiulize mwenyewe, na uyaandike majibu.

Nilijifunza kwa njia mbaya. Katika mwaka wangu wa kwanza alikuja kijana mmoja jioni, amevaa vizuri, anaongea kwa utulivu, akasema ndugu yake amesafiri na ufunguo wa chumba chao. Nilimfuata, nikafungua kitasa kwa dakika tatu, nikapokea fedha yangu. Asubuhi mpangaji halisi alikuja dukani akiwa na askari wawili. Televisheni, godoro la mgeni na mtungi wa gesi vilikuwa vimekwenda. Niliandika maelezo kituoni hadi jua likazama, na jambo lililoniumiza zaidi ni kwamba sikuwa na hata jina la yule kijana. Afisa aliyenihoji aliniuliza swali moja ambalo sijalisahau: "Fundi, wewe ungekuwa mimi, ungejuaje kwamba hukwenda naye?"

Tangu siku hiyo nina kaunta buku lenye jalada gumu, kurasa zikiwa zimepigwa namba kwa mkono ili karatasi isichomolewe. Kila kazi ya kufungua mlango ina mstari wake: tarehe na saa, jina kamili la aliyeomba, namba ya kitambulisho chake cha taifa, namba ya simu ambayo nimeipiga palepale nikaisikia ikilia, mahali pa kazi pamoja na jina la mwenyekiti wa LC1, uthibitisho alionionyesha, nilichokifanya kwenye kitasa, sahihi yake, na sahihi ya shahidi asiye jamaa yake. Mgeni asiye na kitambulisho cha taifa huonyesha pasipoti. Mkimbizi, na hapa kwetu wako wengi kutoka Sudan Kusini na Kongo, huonyesha kadi inayotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Asikataliwe huduma kwa kuwa tu kadi yake ni ya rangi nyingine. Daftari hili hufungiwa kwenye sanduku usiku, kwa sababu nalo ni taarifa za watu.

Uthibitisho wa kwamba nyumba ni ya mtu hautafutwi kwa karatasi pekee. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022 inataka mkataba wa upangaji wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi uwe wa maandishi, kwa hiyo wapangaji wengi sasa wana kitu cha kuonyesha, lakini mara nyingi mkataba wenyewe umefungiwa ndani ya chumba hichohicho. Basi mpigie mwenye nyumba, au mwite mwenyekiti au jirani wa mlango wa pili. Mwulize mteja, kabla ya kufungua, aeleze kilicho nyuma ya mlango: kitanda kiko upande gani, pazia ni la rangi gani, ni kitu gani kimening'inia ukutani. Fungua, simama mlangoni, mtazame akiingia, uone kama mkono wake unajua swichi ya taa ilipo. Mtu anayekaa mahali hapapasi ukuta wa chumba chake.

Kuchonga funguo kuna hatari yake. Usichonge ufunguo kutokana na alama iliyochapwa kwenye sabuni, nta au udongo. Aliwahi kuja mtoto wa boda boda na kipande cha sabuni ya bluu kilichofungwa kwenye gazeti, ndani yake umechapwa ufunguo wa kitasa, pande zote mbili, kazi nadhifu kabisa. Alisema ametumwa na bosi wake. Nilimwambia bosi aje na ufunguo wenyewe, na hakuja mtu. Mwenye haki ya kuwa na ufunguo wa pili anaweza kuuleta ule wa kwanza. Ufunguo wa ofisi, shule, zahanati au hosteli uchongwe kwa barua yenye muhuri tu, na uandike ni nakala ngapi umetoa. Ufunguo malaya unaofungua milango mingi ya jengo moja usichongwe bila mwenye jengo mwenyewe kuwepo. Kwa gari, dai logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, pamoja na kitambulisho cha mtu ambaye jina lake limeandikwa humo. Funguo zenye chipu zichongwe gari likiwa mbele yako, usikubali kufanyia kazi kompyuta yake iliyokwisha kung'olewa na kuletwa kwenye mfuko.

Magomvi ya nyumbani na ya kodi

Mlango usioufungua unaweza kuwa muhimu kama ule unaoufungua. Mwenye nyumba akikuita ubadilishe kitasa ili mpangaji mwenye deni akirudi asiingie, kataa. Sheria hiyo ya mwaka 2022 inamtaka mwenye nyumba awe na amri ya mahakama kabla ya kumtoa mpangaji, na fundi anayebadilisha kitasa ndiye mkono uliotekeleza kosa. Mwombe amri yenyewe, isome, linganisha namba ya chumba, na ufanye kazi mbele ya afisa wa mahakama aliyetumwa kuitekeleza.

Mume na mke wakigombana, mmoja akataka mwenzake afungiwe nje, usiingie kati hata kama unayemwona mbele yako analia. Ibara ya 27 ya Katiba ya mwaka 1995 inalinda makazi na faragha ya mtu, na huwezi kuamua barabarani nyumba ni ya nani kati yao. Waelekeze kwa LC1 au kwa dawati la polisi la familia na watoto. Lakini ikiwa kuna mtu amefungiwa ndani na maisha yake yako hatarini, mtoto mdogo kwa mfano, au mgonjwa, fungua mara moja mbele ya majirani kisha uandike baadaye. Daftari halijawekwa ili mtu afe tukitafuta kalamu.

Kutembea na vifaa vya kazi usiku

Kanuni ya Adhabu ya Uganda inahesabu kuwa kosa mtu kukutwa usiku na vifaa vya kuvunjia nyumba bila sababu halali, na ni juu yake yeye kuithibitisha sababu hiyo. Mfuko wa fundi wa kufuli umejaa vitu hivyohivyo: nyaya za kufungulia vitasa, bisibisi nyembamba, nondo fupi, drili. Mahakama ya Katiba iliondoa mwezi Desemba 2022 vifungu vya kuwakamata watu kwa uzururaji, lakini kosa la kukutwa na vifaa vya kuvunjia ni jingine, na fundi asidhani limeondoka pamoja na hayo.

Kwa hiyo nikitoka usiku huwa na kitambulisho cha taifa, nakala ya leseni ya biashara, barua ya LC1 na karatasi ya kazi ya usiku huo yenye jina la mteja, mahali na saa aliyonipigia. Napanda boda boda ya mtu ninayemjua, na nyumbani wanajua ninakokwenda. Ukisimamishwa na doria, usisubiri mfuko ukaguliwe. Sema mapema: "Afande, mimi ni fundi wa kufuli, nina vifaa vya kazi humu, na karatasi ya kazi ni hii, namba ya mteja iko hapo, tafadhali mpigie." Doria nyingi za kwetu huzungumza Kiswahili, na maneno hayo yaliyotangulia yamenipitisha kila mara.

Wafanyakazi

Mwanafunzi wa ufundi asiguse kitasa cha mteja peke yake kabla hujamjua nyumbani kwao. Pata nakala ya kitambulisho chake, majina ya wadhamini wawili, na barua ya LC1 ya anakotoka. Anayelipwa mshahara aandikiwe mkataba, na achangiwe NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, ambao tangu marekebisho ya mwaka 2022 unamhusu kila mwajiri hata mwenye mfanyakazi mmoja: asilimia 10 kutoka kwako na asilimia 5 kutoka kwenye mshahara wake. Aliyejifunzia kazi kwenye meza ya barabarani bila kwenda chuo anaweza kupimwa ujuzi kwa vitendo na bodi ya serikali ya kupima ufundi na kupewa cheti. Cheti hicho kinamsaidia pia siku anapoulizwa na polisi alijifunzia wapi kufungua vitasa.

Mfanyakazi akiondoka, hata kwa amani, siku hiyohiyo chukua vifaa vyote vilivyohesabiwa kwa jina lake, vunja kitambulisho chake cha kazi, na wapigie wateja ambao alifunga ving'ora vyao ukiwa umewapangia siku ya kubadilisha misimbo. Wateja hawatozwi kwa kazi hiyo. Vivyo hivyo ukifunga duka kabisa: toa taarifa URA na URSB ili madeni ya taarifa za kodi na za biashara yasiendelee kuhesabiwa, rudisha funguo za akiba kwa sahihi, choma orodha za misimbo na michoro ya nyumba ulizofungia vifaa, na daftari la kufungua milango ulitunze mahali salama, kwa maana kesi ya wizi inaweza kufunguliwa miaka kadhaa baada ya mlango wenyewe kufungwa.